Nilimpa Nafasi ya Mti

Agosti mbili zilizopita nilipata kibarua cha wiki mbili kwenye kambi ya likizo ya watoto wenye ulemavu, nje kidogo ya Nairobi. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sikuwa na karo, sikuwa na kazi, lakini niliwahi kuigiza na kikundi cha mtaani, na hiyo ilitosha watu kuniita ticha wa maigizo. Kazi yenyewe ilikuwa wazi: siku ya mwisho wazazi na wafadhili wakija, wakute mchezo wa dakika 20.

Mchezo niliuandika usiku mmoja. Kuna msitu, kuna simba dhalimu, kuna wanyama wanaoungana kumng'oa. Watoto walikuwa 22 na kila mmoja alipata kitu cha kufanya. Msichana mmoja wa kiti cha magurudumu, mwenye sauti ya kunishinda mimi, akawa simba. Ndugu wawili viziwi wakawa tumbili, wakanicheka siku tatu mfululizo kwa jinsi nilivyokuwa nikikosea ishara zao. Halafu kulikuwa na mvulana wa miaka 10 ambaye haongei. Alipenda kuzunguka ukumbi akigusa ukuta kwa kiganja, mzunguko baada ya mzunguko. Akichoka alikaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, akatutazama tukifanya mazoezi. Sikujua nimfanyie nini. Nikampa nafasi ya mti.

Enyewe nilijiona mwema. Si ameshirikishwa? Si yuko jukwaani kama wengine? Tulimkatia majani ya karatasi ya manila, tukamfunga kamba kiunoni, tukamchorea alama ya chaki sakafuni. Kazi yako, nikamwambia, ni kusimama hapa.

Naanza na aibu hii kwa sababu nataka kuzungumzia filamu na michezo kadhaa ya kuigiza inayohusu watoto wenye ulemavu, na sioni haki ya kumnyooshea mtu kidole kabla sijajinyooshea mwenyewe. Tangu Agosti ile nimetazama na kusoma chochote nilichopata juu ya jambo hili, na swali langu limebaki lile lile: tunapowapandisha watoto hawa jukwaani, mchezo huwa ni wa nani?

*

Filamu ya Crip Camp (2020) niliitazama kwenye simu, bando ikiniishia mara mbili kabla sijafika mwisho. Imeongozwa na Nicole Newnham na James LeBrecht. LeBrecht alizaliwa na ulemavu wa mgongo wazi, na mwaka wa 1971, akiwa kijana, alienda kwenye kambi ya kiangazi iliyoitwa Camp Jened, katika milima ya Catskill, jimbo la New York. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1951 na ikafungwa mwaka wa 1977. Wakati LeBrecht anaingia, ilikuwa mikononi mwa vijana wa enzi ya mahipi, nywele ndefu na magitaa, ambao wengi wao hawakujua lolote kuhusu ulemavu kabla ya kushuka kwenye basi.

Kwanza tuongee kuhusu jina. Ukilitafsiri bila kuogopa, Crip Camp ni Kambi ya Viwete. Hakuna mtu Nairobi angethubutu kulibandika hilo ukutani, na kuna sababu nzuri. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa njia isiyomshusha hadhi. Lakini hapa neno hilo wamelichukua wenyewe kutoka kwa waliokuwa wakiwatukana nalo, wakalivaa kama jezi. Kiswahili chetu bado hakijafika hapo, labda isipokuwa kwa viziwi, ambao jirani zetu wana Chama cha Viziwi Tanzania na hawamwombi mtu radhi kwa jina hilo. Waliobaki tunawaita kwa majina ya KI-VI: kipofu, kiwete, kilema, darasa moja na kiti na kijiko. (Sawa, hata kiongozi yumo humo, kwa hivyo tusilie sana.) Tukitaka kuonekana wapole tunaruka hadi "wasiojiweza", neno ambalo kwangu mimi ni baya zaidi. Ukimwita mtu kiwete umetaja mguu wake. Ukimwita asiyejiweza umetaja maisha yake yote.

Sasa filamu yenyewe. Mwaka ule wa 1971 kikundi cha wapiga video kilichoitwa People's Video Theater kilifika kambini na kamera za rangi nyeusi na nyeupe. Kawaida yao ilikuwa kuwarekodi watu kisha kuwaonyesha walichorekodi, ili nao wajibu. Jened walifanya jambo dogo ambalo ndilo lililoizaa filamu hii karibu miaka 50 baadaye: walimpa kijana LeBrecht kamera. Tunazunguka kambini kwa macho yake, kwa urefu wa kiti chake cha magurudumu. Watu wazima wanakuwa warefu kidogo kuliko tulivyozoea, na watoto wenzake wako sawa na sisi, uso kwa uso.

Na watoto hao si malaika. Hapo ndipo filamu iliponishika. Wanavuta sigara, wanatukana, wanatongozana, wanabusiana nyuma ya mabanda. Kuna wakati kambi nzima inavamiwa na chawa wa sehemu za siri, na inabidi shughuli zote zisimame. Niambie ni mchezo gani wa shule zetu uliowahi kumpa mtoto mwenye ulemavu nafasi ya kuwa mtundu. Sisi huwapa nafasi mbili tu: kulia na kusamehe.

Lakini sehemu niliyoirudia mara tatu ni kikao kimoja tu. Vijana wamezunguka meza, wanazungumza kuhusu wazazi wao: jinsi wanavyopendwa hadi wanakosa hewa. Msichana mmoja anaanza kusema, na maneno yake ni magumu kushika. Anachukua muda. Hakuna anayemkatiza wala kummalizia sentensi. Kamera haimkimbii, haitafuti sura nyingine ya kutupumzisha. Akimaliza, mwenzake anaeleza alichosikia: anazungumzia haki ya kuwa peke yake, kuwa na faragha. Wote wanaitikia kwa vichwa. Mimi kwenye kochi nikagundua kwamba muda wote ule nilikuwa nimeacha kusikiliza, nikingoja tu amalize. Wenzake hawakuwa wakimngoja. Walikuwa wakimsikiliza.

Hiyo haikuwa igizo, najua. Hakuna aliyevaa nguo za mfalme. Lakini ukiuliza mchezo wa kuigiza unahitaji nini hasa, nitakwambia unahitaji mtu mmoja anayesema jambo linalomgharimu, na wengine waliokubali kukaa hadi amalize. Hivyo vyote vilikuwa pale mezani. Sishangai kwamba LeBrecht alipokua alienda kufanya kazi kwenye ukumbi wa maigizo, Berkeley Repertory Theatre huko California, akiwa mbunifu wa sauti. Mtu aliyelelewa Jened angejua thamani ya kusikika.

Nusu ya pili ya filamu inaniacha baridi kidogo, na najua wengi hawatakubaliana nami. Tunahama kutoka milimani hadi San Francisco, mwaka wa 1977. Judith Heumann, aliyekuwa mtoto na baadaye msimamizi pale Jened, anaongoza watu wenye ulemavu kuingia katika jengo la serikali tarehe 5 Aprili na kukataa kutoka, hadi kanuni za kifungu cha 504 zitiwe sahihi. Kifungu hicho, cha sheria ya 1973, kilikataza taasisi zinazopokea pesa za serikali kuu kuwabagua. Black Panthers wanawaletea chakula moto. Watu wanalala sakafuni bila dawa zao, bila wasaidizi wao. Tarehe 28 Aprili sahihi inatiwa. Ni historia kubwa, na sikuwa nimefundishwa hata mstari mmoja wake.

Lakini hapo filamu inaanza kuharakisha. Muziki unapanda, sura zinapita, ushindi juu ya ushindi. Na bila kusema wazi inatuambia kwamba kambi ilikuwa ya maana kwa sababu ilizaa mashujaa. Je, kama hakuna hata mmoja wao angekuwa mwanaharakati? Kama wote wangerudi makwao wakaishi maisha ya kawaida, ya kulipa kodi ya nyumba na kugombana na ndugu? Kiangazi kile kingekuwa cha bure? Mimi nadhani kingetosha. Mtoto hahitaji kuleta sheria mpya ili tukubali kwamba wiki zake za kucheka zilikuwa na thamani.

Filamu hiyo ilishinda tuzo ya watazamaji pale Sundance, ikateuliwa kuwania Oscar, kisha ikashindwa na filamu ya pweza kutoka Afrika Kusini. Sina neno na pweza. Ila msichana yule wa mezani nitamkumbuka kwa muda mrefu zaidi.

*

Jened walikuwa na kamera na meza. Ukitaka kuona kinachotokea onyesho lenyewe linapokuwa shabaha, na siku ya mwisho imeandikwa kwenye kalenda, tazama Autism: The Musical (2007) ya Tricia Regan. Elaine Hall, mwalimu wa maigizo huko Los Angeles, alimlea mtoto wa kiume kutoka Urusi ambaye ana usonji na haongei kwa mdomo. Mwaka wa 2004 akaanzisha The Miracle Project, programu ya maigizo ya watoto kama wake. Filamu inawafuata watoto watano na familia zao kwa miezi sita wakiandaa mchezo wa nyimbo. HBO waliionyesha mwaka wa 2008 na ikapata tuzo mbili za Emmy.

Kuna ukweli mwingi humo. Kuna ndoa zinazopasuka. Kuna akina mama ambao wamesoma kila kitabu na bado hawalali. Na kuna jambo ambalo filamu nyingi za aina hii huficha: wazazi wanaanza kuangalia nani amepata wimbo mrefu zaidi, mtoto wa nani amesimama mbele. Upendo unaingiwa na tamaa ya jukwaa. Regan hawachongi wazazi hao kuwa watakatifu, na namheshimu kwa hilo.

Lakini angalia kamera inaenda wapi. Ikichoka inarudi kwa mama au kwa baba, kwa sababu wao wanaongea sentensi zinazoeleweka, wanalia mahali panapofaa. Mvulana mmoja anapoeleza mwenyewe jinsi anavyoonewa shuleni, filamu inapanda mahali pengine kabisa. Ana akili kali na ucheshi mkavu, na natamani tubaki naye. Kabla hatujashiba tunarudi sebuleni kwa watu wazima. Siku ya onyesho ikifika, tunazitazama nyuso za wazazi kama tunavyozitazama nyuso za watoto. Filamu inasema ni hadithi ya watoto wenye usonji. Kwa hesabu yangu, nusu yake ni hadithi ya watu wanaowapenda.

Sisemi hiyo ni dhambi. Nasema tuite kitu kwa jina lake.

Mwaka wa 2019 London ilipata kesi iliyo wazi zaidi. Ukumbi wa Southwark Playhouse ulionyesha mchezo wa Alex Oates uitwao All in a Row, kuhusu wazazi wa mvulana wa miaka 11 mwenye usonji asiyeongea, usiku mmoja kabla hajapelekwa kwenye shule ya bweni. Wazazi waliigizwa na watu. Mvulana aliigizwa na mwanasesere mwenye uso wa kijivu, akiendeshwa na mtu nyuma yake. Watu wenye usonji wakawaka mtandaoni: kwa nini kila mtu hapo ni binadamu isipokuwa sisi? Hata shirika la kitaifa la usonji la Uingereza likasema haliwezi kuuunga mkono mchezo huo, kwa sababu ya mwanasesere.

Oates alijitetea, na utetezi wake si wa kipuuzi. Alikuwa amefanya kazi ya kuwatunza watoto kama huyo kwa miaka. Huwezi kumpandisha mtoto wa kweli jukwaani kila usiku akapigane, akaume watu, akavue nguo. Tena kuna watazamaji waliotoka wakisema wameona maisha yao kwa mara ya kwanza. Naelewa yote hayo. Lakini nilipoiona picha ya mwanasesere yule nilimwona mvulana wangu na majani yake ya manila. Oates na mimi tulifika mahali pamoja: kuna mtoto ambaye hatujui tumfanyie nini, tukamgeuza kitu. Yeye alimtengeneza kwa ustadi na mimi kwa gundi na makasi. Tofauti ni bajeti tu.

*

Hebu sasa tugeuze viti.

Oily Cart ni kampuni ya maigizo ya London iliyoanzishwa mwaka wa 1981 na Tim Webb, Claire de Loynes na Max Reinhardt. Kazi yao kwa sehemu kubwa ni kwa watoto wachanga na watoto wenye ulemavu mzito, wale ambao hata sisi watu wa kambi huwaacha chumbani na yaya wakati wa mazoezi. Wao hawawapi watoto hao nafasi za kuigiza. Wanawafanya watazamaji. Mchezo unatengenezwa kwa ajili ya ngozi, pua, masikio na mizani ya mwili. Wameigiza ndani ya mabwawa ya maji ya uvuguvugu ya tiba, na juu ya trampolini. Mwaka wa 2009, kwenye tamasha la Manchester, walishirikiana na wanasarakasi wa Ockham's Razor katika mchezo uitwao Something in the Air, ambapo watoto wachache walikaa kwenye viti vilivyoning'inia, wakibembea na kudunda huku waigizaji wakiruka hewani karibu nao. Mwigizaji anajua jina la kila mtoto. Mtoto akigeuza kichwa, mchezo unageuka naye.

Kelly Hunter, mwigizaji Mwingereza aliyefanya kazi na Royal Shakespeare Company, ana njia nyingine inayofika karibu na hapo. Anawakalisha watoto wenye usonji na waigizaji kwenye duara moja, wote wanaweka mkono kifuani na kupiga mdundo wa moyo, wanasalimiana kwa mdundo huo. Kutoka hapo wanaingia kwenye The Tempest ya Shakespeare kipande kwa kipande, kama michezo ya watoto: jinsi macho yanavyoruka ukipenda, jinsi mwili unavyokuwa ukikasirika. Waigizaji na watoto wanapokezana. Hakuna safu ya wazazi mbele inayongoja kupiga makofi. Anayekuja kutazama ndiye anayecheza.

Nikisoma kuhusu watu hawa nahisi wivu, na pia hasira kidogo. Wivu kwa sababu ya muda. Watazamaji sita, waigizaji sita, ni hesabu ya nchi yenye pesa za sanaa. Hasira ni ya kwangu mwenyewe, kwa sababu wazo la msingi halihitaji pesa yoyote. Linahitaji kumwangalia mtoto kwanza, kabla ya kuandika mchezo. Mimi nilianza na mchezo.

Sasa wacha nimalize hadithi ya mti.

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa. Kulikuwa na bango, soda, wafadhili wenye fulana zinazofanana. Simba wetu alinguruma hadi mtoto mmoja wa mgeni akalia. Tumbili wakapiga ishara zao na safari hii nilizielewa. Mvulana wangu alisimama kwenye alama ya chaki kwa dakika kama tano. Halafu akashuka. Alipita katikati ya wanyama na majani yake yakichakarika, akateremka ngazi, akaenda moja kwa moja hadi kiti cha nyuma kabisa, kile chake, akakaa na kututazama. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Simba akasahau mstari wake.

Mimi nikamfuata. Nikamshika mkono, mkono ambao sikuwahi kumwona akimpa mtu, nikamrudisha kwenye alama. Alikaza mwili wote. Nikasimama nyuma yake nikimshika mabega hadi mwisho, nikiwa nimejiinamisha nisionekane. Picha iliyotumwa kwa wafadhili ndiyo hiyo: mti unatabasamu kwa mbali, ukiangalia haraka. Ukiangalia vizuri utaona vidole vyangu.

Baadaye mama yake alinijia akiwa ameshika yale majani. "Asante, ticha," akasema. "Watu wa kwetu hawakuamini angesimama mbele ya watu." Alikuwa amelia. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo: "Ila huyu hupenda sana kutazama. Nyumbani hukaa dirishani kutwa nzima, anatazama watu wakipita. Mkifanya mwaka ujao mwacheni atazame kidogo."

Fomu ya kambi ilikuwa na kurasa nne. Iliuliza aina ya ulemavu, dawa, mzio wa chakula, nambari ya simu ya dharura. Hakuna mahali ilipouliza anapenda nini. Na mimi sikuhitaji fomu, bana. Siku tisa nilimwona kwenye kiti kile akitazama mazoezi. Nilidhani hashiriki.

*

Najua kuna watakaosema nimewaonea watu wa kambi, na wana hoja. Kambi za aina hii huku kwetu hazina tiketi wala bajeti ya serikali ya kutegemea. Zinaishi kwa hisani, na hisani inataka picha. Mchezo wa siku ya mwisho ndio ripoti. Mfadhili asipoona watoto jukwaani, mwaka ujao hakuna magodoro. Na machozi ya yule mama siwezi kuyadharau hata kidogo. Kwa mtu ambaye majirani wamemnong'onea kwamba mwanawe ni laana, dakika 20 za makofi ni dawa. Nani mimi nimnyime?

Basi tuyape makofi siku yake. Lakini tusiyaite maigizo ya watoto, na tusiruhusu yale siku zote zilizotangulia. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka wa 2008, na Kifungu cha 30 kinasema wazi kwamba watoto hawa wana haki ya kucheza na kuburudika sawa na watoto wengine. Kucheza, imeandikwa. Hakuna mahali kinaposema kutuchezea sisi.

Tuna mahali pa kuanzia. Mashindano ya kitaifa ya drama na filamu ya shule, yanayofanyika kila Aprili, huwapokea wanafunzi wa shule maalum, na nimeona humo ngoma na mashairi ya ishara yaliyonipa baridi ya mwili. Lakini hadithi inayorudi ni ile ile: mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma, siri inafichuka, kipaji kinaonekana, baba mkali anapiga magoti. Ni hadithi ya kweli, watoto wanafichwa. Ila ukiichunguza, ni hadithi ya baba. Yeye ndiye anayebadilika. Mtoto yuko pale ili baba ajifunze. Ningependa kuona mwaka mmoja mtoto huyo akiwa mwizi wa maembe, au akimpenda mtu asiyempenda, au akikataa kumsamehe baba yake.

Hata Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, filamu ninayoipenda na ambayo ilinitoa machozi hadharani, inasimama kwenye mpaka huu. Jo si mtoto mwenye ulemavu, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na kijiji kizima kinaigiza ili aamini ana nguvu za shujaa. Kinachoiokoa filamu hiyo ni kwamba Jo mwenyewe ana anachokitaka, na anajua kukidai. Kijiji kinaanza kwa kumdanganya na kinaishia kumfuata. Huo mgeuko ndio ninaoutafuta kila mahali.

Kwa hivyo siku hizi nikitazama kazi yoyote ya aina hii siulizi tena kama watoto wamewekwa jukwaani. Nauliza kama kuna mtoto hata mmoja aliyeweza kuugeuza mchezo ukaenda alikotaka yeye. Kwenye Crip Camp yupo, ameshika kamera. Kwa Oily Cart yupo, amegeuza kichwa. Kwenye mchezo wangu alikuwepo pia. Aliugeuza vizuri kabisa, mbele ya watu wote, na mimi nikamrudisha.

Agosti hii nimeitwa tena kwenye kambi nyingine, siku kumi, pesa ile ile ya nauli na chakula. Nimekubali. Sijaandika mchezo wowote bado. Nimewaomba wenye kambi waongeze swali moja kwenye fomu, na wameniuliza mara mbili lina umuhimu gani.